Tangazo la Saa Kumi

Felistas Adhiambo alikuwa na sauti isiyopanda wala kushuka. Shuleni walimcheka kwa ajili hiyo. Mwalimu akimwinua asome, wenzake walisema anasoma kama mtu anayehesabu viazi. Hakuwahi kufikiri kwamba sauti hiyo ingekuja kuwa kazi. Alisomea ufundi wa kompyuta Mwanza, akarudi Tarime, akaajiriwa kwenye kituo kidogo cha redio kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Bomani. Aliajiriwa kutunza mitambo. Kusoma matangazo kulikuja baadaye, wakati wa dhahabu.

Miaka ile watu walimiminika Nyangoto kutoka kila upande. Walitoka Geita, Shinyanga, hata Kenya. Vijana wa Gorong'a waliokuwa wakilima na kuchunga ng'ombe wa baba zao waliacha majembe shambani wakaenda kuchimba. Kituo kikapata matangazo kuliko kilivyowahi kupata: mashine za kusaga mawe, dawa za mgongo, mikutano ya injili, nyumba mpya za wageni. Na vifo. Wachimbaji wadogo wanateremka kwenye mashimo marefu wanayoyaita maduara, na duara likititia, aliye chini anafukiwa na kifusi. Kila wiki kulikuwa na familia iliyopanda ngazi za kituo kuleta jina.

Mtangazaji wa mchana alikuwa Joram, kijana wa muziki na vichekesho. Vifo vilimshinda. Akianza kusoma, sauti ilimkatikakatika, akarudia maneno, mpaka ndugu wa marehemu mmoja wakaja kulalamika kwamba alikuwa anacheka. Hakuwa anacheka. Meneja akamgeukia Felistas aliyekuwa ameinama nyuma ya meza anaunganisha waya.

"Hebu soma wewe tuone."

Akasoma mara moja, bila kukosea, akarudi kwenye waya zake. Tangu siku hiyo vifo vikawa vyake. Alivirekodi asubuhi, akaviingiza kwenye kompyuta, akaandika saa ya kila tangazo kutoka, na kompyuta ikavicheza yenyewe wakati ulipofika. Mwanzoni alikuwa akienda nyumbani na majina kichwani. Baadaye hakwenda nayo tena. Alijua kwamba kitu fulani ndani yake kilikuwa kimejifunga, lakini hakuona sababu ya kukigusa, maana kazi ilikwenda.

Kompyuta hiyo ya matangazo ilikuwa na ugonjwa wake. Ndani ya kila kompyuta mna saa mbili. Moja ni ya mfumo, inayokwenda wakati mashine imewashwa. Nyingine ni ya mashine yenyewe, iko kwenye kipande kidogo cha ubao wa ndani, na inaendelea kwenda hata umeme ukikatika, kwa nguvu ya betri ndogo ya mviringo kama kitufe cha koti. Mashine ikiamka, saa ya kwanza inaiuliza ya pili: sasa ni lini? Kwenye kompyuta ya kituo, fundi aliyetangulia alikuwa amevunja kishikio cha betri. Betri mpya ilipatikana kwa urahisi tu mjini, lakini haikukaa. Felistas aliibana kwa kipande cha karatasi ngumu. Wakati mwingine ilishika, wakati mwingine haikushika. Ikiteleza, umeme ukikatika na kurudi, mashine iliamka ikisema ni mwaka wa zamani kabisa, kabla hata kituo hakijafunguliwa.

Ikitokea hivyo, Felistas aliupita ule ukurasa wa bluu ambao mashine huonyesha ikiomba tarehe na saa. Aliiacha iwake mpaka mwisho, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaweka neno la siri. Kwa amri ya *date* aliweka saa ya mfumo kwa kuangalia simu yake. Kisha aliandika *hwclock --systohc --utc*, yaani chukua saa hii ukaiandike kwenye saa ya mashine. Mwisho aliandika *hwclock* peke yake ili aisome na kuona kama imeshika. Alifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba vidole vilikwenda vyenyewe huku akiongea mambo mengine na Joram.

Alikuwa na mama yake, Akech, aliyekaa kijijini karibu na Sirari, na mdogo wake mmoja, Omondi. Baba yao, Mzee Olima, alifariki wao wakiwa wadogo. Omondi alianza kwa kutengeneza pikipiki Sirari, kisha naye akaenda Nyangoto. Mama alimkataza, Felistas hakumkataza. Alimnunulia tochi ya kichwani. Omondi alikuwa mtu wa kelele. Alipita kituoni akija mjini, akapanda ngazi kwa kishindo, akamwambia dada yake kwamba kule machimboni tangazo likianza wanamnyamazisha kila mtu.

"Nawaambia huyo ni dada yangu. Hawaamini. Wanasema mtu mwenye sauti ile hawezi kuwa na ndugu."

Felistas alicheka. Omondi aliweza kumchekesha.

Simu ilikuja asubuhi moja, yeye akiwa anasafisha feni ya kompyuta kwa brashi.

"Wewe ni dada yake Omondi?"

"Ndiyo."

"Naitwa Heche. Tunachimba naye. Dada, duara limetitia. Tumemtoa."

"Mmemtoa mzima?"

Nyuma ya Heche zilisikika sauti za watu na mashine ya kusaga mawe.

"Wenzetu wamempeleka hospitali ya mjini. Yuko mochwari. Pole sana, dada."

"Asante kwa kunipigia," Felistas alisema.

Akamalizia kusafisha feni. Akaipuliza, akafunga kifuniko cha kompyuta kwa skrubu zake zote, akaosha mikono. Halafu akampigia Mzee Ouko, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, aliyekuwa na karakana ya mbao pale pale mjini. Mzee Ouko alifika kituoni upesi, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, nyara, binti yangu." Alimshika mkono akaushikilia muda mrefu. "Umemwambia mama yako?"

"Bado."

"Asiambiwe kwa simu. Unajua presha yake. Nitachukua wazee wawili wa kanisa, tutakwenda, tutamkalisha chini, tutasali kwanza, ndipo tumwambie taratibu. Gari la jirani yangu linarudi mchana." Akafikiri. "Lakini wajomba zako wa Migori lazima wasikie leo, na simu zao hazipatikani. Redio yenu inafika huko?"

"Inafika."

"Basi tangazo litoke saa kumi. Siyo kabla. Saa kumi tutakuwa tumeshamaliza na mama yako."

"Sawa, baba."

Meneja alikuwa amesafiri kwenda Musoma. Joram, aliyekuwa amekunywa chai mara nyingi na Omondi kwenye zile ngazi, alisema tangazo hili atalisoma yeye, si haki Felistas alisome. Akaingia chumba cha kurekodia. Alifika kwenye maneno "kijana wao" akasimama. Akaanza upya, akasimama pale pale. Mara ya tatu alivua vipokea sauti vya masikioni akafunika uso.

"Leta," Felistas alisema.

"Feli, si wewe."

"Leta tu."

Akakaa, akasogeza maikrofoni.

"Familia ya marehemu Mzee Olima wa Sirari inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao, Omondi Olima, kilichotokea leo asubuhi huko Nyangoto. Mazishi yatafanyika kesho kutwa nyumbani kwao, Sirari. Habari ziwafikie wajomba zake wote walioko Migori, shangazi zake walioko Utegi, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Hakukosea. Alisikiliza rekodi mara moja kuona kama kuna kelele ya feni, akaiingiza kwenye kompyuta, akaandika saa kumi jioni, ambayo kwenye mashine ni kumi na sita. Akapanga irudiwe kila saa baada ya hapo hadi usiku. Kisha akaenda chumbani kwake alikopanga, akachukua shati jeupe ambalo Omondi alikuwa amelisahau siku ya sikukuu, akalipiga pasi, akanunua shuka na suruali dukani, akaenda hospitali.

Mhudumu wa mochwari alimwambia asubiri nje, kuna familia nyingine ndani. Kulikuwa na benchi kivulini. Dirishani kwa mhudumu redio ndogo ilikuwa ikipiga muziki wa kituo chao. Felistas akakaa na mfuko mapajani. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Alitazama mchwa waliokuwa wakipanda ukutani kwa mstari. Hakuwaza chochote. Ndani yake kulikuwa kumetulia tu, kama chumba kilichohamwa.

Muziki ukaisha. Ikapigwa ile tuni ya matangazo, na sauti yake ikaanza kusoma.

"Familia ya marehemu Mzee Olima wa Sirari..."

Alitazama simu. Ilikuwa saa saba mchana na dakika kidogo. Jambo la kwanza lililomjia ni: saa tatu zaidi. La pili: umeme ulikatika, ukarudi. La tatu: Joram ameujaza ule ukurasa wa bluu. Yote matatu yalikuja kwa mpangilio, wazi kabisa, na yalipokwisha kupita ndipo alipomkumbuka mama yake, na redio iliyokaa siku zote juu ya kabati la vyombo.

"Huyu dada anasoma vizuri," mhudumu alisema akiwa amesimama mlangoni. "Hababaiki."

"Ndiyo," Felistas alisema.

Akampigia mama. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Akampigia Mzee Ouko.

"Baba, mmefika?"

"Tufike wapi? Dereva ndiyo kwanza anaingia. Kuna nini?"

"Tangazo limetoka."

"Limetokaje? Nilisema saa kumi."

"Mashine ilifikiri ni saa kumi."

Felistas alisikia mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu na mtu akisema twende, twende, kisha simu ikakatwa.

Alikabidhi nguo. Mhudumu alimuuliza kama anataka kumwona. Akaingia, akamwona. Walikuwa wamemsafisha uso, lakini udongo mwekundu ulibaki kwenye masikio. Alimtazama, akasubiri kitu kije. Hakikuja. Alimwambia mhudumu kwamba masikio bado, mhudumu akasema watayashughulikia, naye Felistas akatoka.

Kituo kilikuwa njiani, na tangazo lingerudiwa tena muda si mrefu. Alipanda ngazi. Joram alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, macho mekundu.

"Umeme ulikatika," alianza kabla hajaulizwa. "Uliporudi, mashine ikasimama kwenye ukurasa wa bluu inaomba saa. Neno la siri unalo wewe. Ningekupigiaje simu, Feli, uko mochwari? Nikaandika saa niliyoiona kwenye simu yangu. Nilihakikisha kabisa. Muziki ukaanza, nikajua imepona. Halafu nikasikia tuni. Nilikimbia. Nikasimama hapa, sikujua nibonyeze wapi. Nilisimama tu mpaka sauti yako ikamaliza."

"Kaa chini," Felistas alimwambia.

Akafungua dirisha jeusi, akaweka neno la siri, akaisoma saa ya mashine. Akaisoma na ya mfumo. Zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe, na zote mbili zilikuwa mbele ya simu yake kwa saa tatu kamili. Ilikuwa kama alivyodhani pale benchini. Mashine ile ilikuwa imepangwa kuamini kwamba saa iliyoandikwa kwenye ubao wake ni ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ikiamka inajiongezea hizo tatu ili ipate saa ya hapa. Joram aliipa saa ya hapa tayari. Ikaongeza tatu juu yake. Wala hakuwa amekosea kusoma simu. Aliandika sawasawa kile alichoulizwa.

Hakumweleza hayo siku hiyo. Aliweka saa ya mfumo upya, akaiandika kwenye ubao, akaisoma tena. Zote tatu zikawa sawa: mfumo, mashine na simu. Akafungua orodha ya matangazo, akaondoa marudio yote ya Omondi yaliyokuwa kabla ya saa kumi, akayaacha ya baadaye kwa ajili ya wajomba.

"Niambie kitu," Joram alisema. "Nitukane basi."

"Umeme ukikatika tena usiiguse. Wapigie wasikilizaji muziki kwa simu yako mpaka nirudi."

Akashuka, akachukua bodaboda hadi Sirari.

Nyumbani kwao kulikuwa kumejaa watu. Gari lililomleta Mzee Ouko lilisimama nje ya uzio, na yeye na wazee wenzake wawili walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya ukingo wa paa, Biblia zimefungwa magotini. Kazi waliyoijia ilikuwa imeshafanyika bila wao. Mzee Ouko alimtazama Felistas akaitikia shikamoo yake.

Jirani yao, Jesca, muuguzi wa zahanati aliyehamishiwa pale kutoka Dodoma, ndiye aliyemvuta pembeni akamweleza. Alikuwa amekuja kumpima mama presha, kama kawaida yake siku za mapumziko. Mama alikuwa anapepeta mtama. Redio ilikuwa inaimba. Sauti ya Felistas ilipoanza, mama alitabasamu akasema, "Huyo ni Feli," kama alivyosema kila siku. Aliendelea kupepeta hata jina la mumewe lilipotajwa. Lilipotajwa la Omondi ungo ulisimama. Alisikiliza hadi mwisho, hadi shangazi walioko Utegi. Kisha akainuka, akaumimina mtama kwenye debe, akalifunika, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hapo ndipo Jesca alipomsikia akilia.

"Nilikaa naye," Jesca alisema. "Presha ilipanda, nimempa dawa. Sasa inashuka. Ingia."

Mama Akech alikuwa amekaa sakafuni juu ya mkeka, kanga begani, wanawake wamemzunguka. Felistas alipiga magoti mbele yake. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamtazama kama anayetafuta kitu. Akaongea kwa Kijaluo, polepole, sauti imekauka.

"Nilikusikia."

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani ni mtoto wa mtu mwingine. Kwa vile ulivyokuwa unasoma."

"Mama, saa ya mashine..."

"Sisemi saa." Mikono yake haikutoka usoni kwa Felistas. "Ulimsoma kama wale wengine, Feli. Omondi. Ulimsoma kama wale wengine."

Felistas alijua ni kweli. Wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja alianza wimbo wa kanisani, wengine wakaupokea, na mama akamwachia.

Wajomba wa Migori walifika jioni ile ile, mapema kuliko walivyotazamiwa, kwa sababu walisikia tangazo mchana wakapata usafiri kabla mpaka wa Kenya haujafungwa. Waliwakuta watu wachache wa kuchimba kaburi, wakavua makoti wakaanza kupanga kazi. Mjomba mkubwa alimshukuru Felistas kwa kuwajulisha mapema. Mzee Ouko alilisikia hilo, akageuza uso. Omondi alizikwa siku iliyotangazwa. Heche na wachimbaji wenzake walikuja wengi, nguo zimejaa vumbi jekundu, wakasimama nyuma ya watu wote. Watu walilia. Felistas aligawa chakula, akahesabu sahani zilizoazimwa, akazirudisha kwa wenyewe. Mama mmoja wa kwaya alimwambia alie tu, mwanangu, usijibane. Akajibu kwamba hajibani.

Alirudi kazini wiki iliyofuata. Meneja alimwambia apumzike na vifo, atamtafuta mtu mwingine. Felistas alisema hapana, bali alikuwa na ombi: tangazo la kifo lisiachiwe tena mashine. Lirekodiwe, lihifadhiwe, lakini mtu aliyeko studio alibonyeze mwenyewe kwa mkono, baada ya kuipigia simu familia na kuuliza kama wenye kufiwa wameshaambiwa. Meneja alikubali. Ndivyo ilivyokuwa kituoni pale tangu hapo. Joram alijifunza amri zote za saa, akapewa neno la siri. Siku Felistas alipomweleza zile saa tatu zilitoka wapi, Joram aliuliza, "Kwa hiyo niliandika sawa?"

"Uliandika sawa."

Alionekana kuumia zaidi baada ya kujua hivyo. Mwaka uliofuata alihamia Mwanza.

Felistas aliendelea kusoma. Alijaribu, siku chache za mwanzo, kuiweka sauti yake namna nyingine, kuishusha kwenye jina la marehemu, kusita kidogo. Aliporudia kusikiliza ilikuwa kama mtu anayeigiza, akafuta, akasoma kama zamani. Familia ziliendelea kumwomba yeye. Mzee mmoja wa Gorong'a aitwaye Mniko, aliyempoteza mwanawe katika maduara yale yale, alipanda ngazi kwa fimbo akasema wanamtaka yule dada asiyebabaika, kwa kuwa wao wenyewe hawataweza kusikia kitu kama msomaji naye atalia. Alimsomea.

Kila mwisho wa mwezi alikwenda kumwona mama. Jesca alimwambia kwamba Mama Akech sasa anasikiliza matangazo yote ya vifo, moja baada ya jingine, na mtu akiongea wakati huo anamnyamazisha kwa mkono. Likisomwa jina la kijana, anauliza kama kuna mtu anayeijua hiyo familia. Kwa Felistas hakuwahi kulitaja tena tangazo la Omondi. Walilima pamoja, walipika, waliongelea bei ya mbolea na kuku aliyepotea. Mara moja tu, wakiwa wanavuna karanga, mama alisimama na shina mkononi akasema Omondi alikuwa akila karanga mbichi mpaka tumbo linamuuma, na Felistas akasema, "Ndiyo, alikuwa hivyo," wakainama tena.

Siku hiyo alipokuwa anaondoka mama alimkaangia karanga kiasi kwa chumvi, akazifunga kwenye karatasi. Barabara ilikuwa na vumbi, na malori ya mawe yalikuwa mengi siku hiyo. Felistas alikaa dirishani kwenye basi akala karanga moja moja, akitazama nje, bila kuhisi chumvi yake, mpaka alipoona gari linaingia Bomani na karatasi haina kitu.